Kutoka Bwana Afya hadi Bwana Msa: Safari ya Kalamu ya Muhammed Said Abdulla

Inapohesabiwa nasaba ya nathari ya Kiswahili, jina la Shaaban Robert hutangulia, na hiyo ni haki yake. Lakini kila nasaba ina upande wa kuumeni na upande wa kukeni, na upande wa pili aghalabu husahauliwa wakati wa kugawa mirathi. Katika riwaya ya Kiswahili upande huo uliosahauliwa unaanzia Unguja, kwa mtu ambaye riziki yake haikutoka katika utunzi bali katika afisi: kwanza afisi ya afya, kisha meza za magazeti, na mwisho meza ya uhariri wa jarida la kilimo. Mtu huyo ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, na aliyemwachia msomaji wa Kiswahili mpelelezi wake wa kwanza mashuhuri, Bwana Msa.

Desturi ya wahakiki imekuwa kumpitia Abdulla kwa haraka. Hutajwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi, husemwa kuwa alimwiga Arthur Conan Doyle, hupewa sifa ya Kiswahili kizuri, kisha ukurasa hufunuliwa kuelekea kwa watunzi wanaohesabiwa kuwa wazito zaidi. Bwana Msa, kwa hukumu hiyo, ni Sherlock Holmes aliyepelekwa Unguja na kuachiwa kiko chake. Ndani ya hukumu hiyo imo kweli. Kiko kipo, rafiki mwenye kushangaa yupo, na afisa wa polisi anayehitaji kusaidiwa yupo. Hata hivyo, kutaja pahala ambapo mtunzi aliazima chombo si sawa na kueleza alichopika ndani ya chombo hicho. Ili kukijua chakula, hapana budi kumfuata mpishi tangu jikoni, na jiko la Abdulla lilikuwa kazi zake za mchana.

Alipomaliza masomo mwaka 1938, Abdulla aliajiriwa katika Idara ya Afya akawa mkaguzi, kazi ambayo watu wa mwambao na visiwani waliizoea kwa jina la bwana afya. Alidumu huko kwa takriban miaka kumi. Bwana afya ni mtu mwenye ruhusa ya kuingia uani. Hutazama kisima, tangi la maji, choo, jaa na soko. Anapoambiwa kwamba mtoto wa nyumba fulani ameugua kwa sababu ya jicho la jirani, yeye huuliza maji ya kunywa yanachotwa wapi. Hubishani na mwenye nyumba juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa hasadi. Hufunua tangi akaonesha viluwiluwi vya mbu. Ni kazi inayomfundisha mtu mambo mawili kwa pamoja: kwamba mambo mengi yanayoitwa siri yana sababu ya kuonekana kwa macho, na kwamba watu hawapendi kuoneshwa sababu hiyo, hasa ikiwa inatoka katika ua wao wenyewe. Msomaji wa riwaya za Bwana Msa atayatambua mambo yote mawili.

Mwaka 1948 Abdulla aliiacha kazi ya afya akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa pia mhariri msaidizi wa magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hiyo ya majina inafaa kusomwa polepole. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu; mwaka 1954 viongozi wa jumuiya hiyo walishitakiwa na kutiwa hatiani kwa uchochezi kwa sababu ya yaliyoandikwa humo. Afrika Kwetu lilikuwa karibu na Jumuiya ya Waafrika. Yaani mtu mmoja, kwa kalamu moja, alipita katika vyumba vya magazeti ambayo wasomaji wake walikuwa wanaelekea kutotazamana usoni. Ulikuwa mlango wa kipindi ambacho Wazanzibari hadi leo hukiita zama za siasa: uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, chaguzi mbili za mwaka 1961 na ghasia za mwezi Juni mwaka huo zilizoua watu 68, uhuru wa Disemba 1963 na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Mhariri msaidizi si mwenye gazeti. Kazi yake ni kusoma kilicholetwa na wengine: barua ya mlalamikaji, khabari iliyosikiwa sokoni, shutuma isiyo na shahidi, sifa isiyo na kipimo. Hujifunza kusikia sauti ya mtu ndani ya sentensi yake. Hujua nani anaandika kwa hasira, nani anaficha jambo kwa maneno mengi, na nani anasema kweli lakini hajui kuipanga. Elimu hiyo haifundishwi na kitabu cha Conan Doyle. Bwana Msa anapomsikiliza mtu akieleza alikuwa wapi usiku wa tukio, anafanya kazi ya mhariri: anatafuta pahala ambapo maelezo yameshonwa upya.

Mwaka 1958 Abdulla akakabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Zanzibar, na akabaki nalo hadi alipostaafu mwaka 1968. Wakati huohuo jina lake lilikuwa linatoka nje ya visiwa. Shirika la maandishi la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na hadithi yake ikashika nafasi ya kwanza. Ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mwaka huo huo ulitoka pia Kurwa na Doto wa Muhammad Saleh Farsy, Mzanzibari mwingine, na kwa vitabu hivyo viwili nathari ya Unguja ikajitambulisha kuwa na njia yake: njia ya mtaa, ua na shamba, badala ya nchi za kubuni kama Kusadikika ya Shaaban Robert, ambayo mwenyewe aliining'iniza angani.

Uhariri wa jarida la kilimo unaweza kuonekana kuwa kazi kavu kwa mtunzi wa visa vya mauaji. Lakini hali ya kilimo cha visiwa katika zama hizo ilikuwa yenyewe kisa cha upelelezi. Uchumi wote ulisimama juu ya mkarafuu, na kwa miongo kadhaa mikarafuu iliyokomaa ilikuwa ikikauka ghafla, ikionekana mizima msimu huu na kuwa kuni msimu ujao. Watafiti wa kilimo wenyewe waliuita ugonjwa huo kifo cha ghafla, wakahangaika muda mrefu kumtafuta muuaji, na hatimaye kidole kikaelekezwa kwa ukungu unaoshambulia mizizi. Jarida la wakulima katika nchi ya namna hiyo lina kazi moja kubwa: kumshawishi msomaji kwamba kinachoonekana juu ya jani kimeanzia chini ya udongo, na kumshawishi kwa Kiswahili asichokionea haya wala asichohitaji kufasiriwa. Aliyeijua kazi hiyo kwa miaka kumi hakuwa na haja ya kujifunza upya namna ya kueleza sababu na matokeo kwa msomaji wa kawaida.

Sasa Mzimu wa Watu wa Kale inaweza kusomwa kwa macho mengine. Mwenye mali mmoja, Bwana Ali, amekutwa amekufa mzimuni. Neno mzimu hapa lichukuliwe kwa maana yake ya visiwani: pahala, pango au jiwe au mti, ambapo watu hupeleka ubani na nadhiri zao na kuwataja waliotangulia. Mtunzi amezaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika nchi ya mizimu na ya sherehe za Mwaka Kogwa. Hakuokota jambo hili katika vitabu vya wageni. Maiti iliyokutwa pahala kama hapo imeshapata muuaji kabla ya polisi kufika: wazee wa kale wamekasirika. Hoja hiyo ina faida kubwa kwa watu wengi. Inamfariji mwoga, inamnyamazisha mdadisi, na inamfaa zaidi ya wote yule aliyeua. Hapo ndipo ulipo werevu wa riwaya. Ushirikina ndani yake si ujinga wa wanyonge peke yake. Ni pazia ambalo mtu mwenye akili timamu na nia mbaya analivuta ili ajifiche nyuma yake. Bwana Msa haji kuwacheka wanaoogopa mzimu. Anakuja kuuliza nani anafaidika na hofu yao. Jawabu lake haifai kutolewa hapa, kwa kuwa wapo wasomaji ambao hawajakifungua kitabu hicho, na mtunzi wa mafumbo hastahili kuibiwa ufunguo wake.

Jina la mpelelezi nalo limebeba zaidi ya linavyosemwa kwa kawaida. Watu wengi wameona kwamba Msa ni herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla. Lakini Msa pia ni Musa kwa matamshi ya Unguja, na hapana mtoto wa chuoni asiyejua kwamba Nabii Musa ndiye aliyeitupa fimbo yake mbele ya wachawi wa Firauni ikameza walivyovizusha. Mwenzake anaitwa Najum, jina linalokumbusha nyota na unajimu, elimu ya kutafuta majawabu juu angani. Basi katika kila kisa wanatembea pamoja Musa anayeyatengua mazingaombwe na rafiki ambaye jina lake linatazama nyota. Inspekta Seif, mtu wa dola, jina lake ni upanga. Na upanga hauna kazi mpaka akili imuoneshe wa kukatwa. Huenda mtunzi alikusudia, huenda lugha ilimfanyia. Mhariri aliyekaa na majina ya watu kwa miaka ishirini si rahisi kuyatupa ovyo.

Lugha ndiyo mali ambayo hata wapinzani wa Abdulla humkubalia. Ni vyema kusema uzuri huo uko wapi, kwa maana sifa ya jumla ni sawa na kutosifu. Uko kwanza katika mazungumzo. Wahusika wake husalimiana kama watu wa Unguja wanavyosalimiana, kwa kuzunguka, kwa kuulizana khabari za nyumbani na za jamaa kabla ya kufika penye shauri. Na katika mzunguko huo huo ushahidi hupenya. Katika riwaya ya Kiingereza mpelelezi huuliza swali moja kwa moja, na adabu ni kizuizi anachokiruka. Katika Unguja ya Bwana Msa adabu ndiyo njia yenyewe. Mtu anayefupisha salamu ameshajulisha kwamba ana jambo. Pili, uzuri huo uko katika kipimo cha sentensi. Abdulla anaweza kusokota sentensi ndefu yenye viungo vingi, lakini haipotezi kichwa, na baada yake huweka fupi ya kumpumzisha msomaji. Huo ni mkono wa mtu aliyewahi kukata habari za wenzake ili ziingie katika nafasi. Tatu, uko katika dhihaka, ambayo ni ya chini chini, ya mtu anayecheka kwa macho bila kufungua mdomo.

Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitolewa London na Evans Brothers mwaka 1968, mwaka ule ule wa kustaafu. Giningi katika masimulizi ya visiwani ni mji wa wachawi, pahala ambapo mtu huendeshwa usiku na kurejea asubuhi akiwa hana kumbukumbu au hana akili. Abdulla ameuchukua mji huo akauteremsha kwenye ramani ya upelelezi, akauwekea kisima, yaani kitu chenye kina kinachoweza kupimwa kwa kamba. Miaka 22 baadaye Said Ahmed Mohamed alilirejea jina hilo hilo katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, lakini Giningi yake ni dola, yenye mtawala anayewapumbaza raia wake. Kuwaweka wawili hawa pamoja kunafundisha. Kwa Abdulla, uchawi ni uongo wa mtu mmoja kwa jirani zake, nao unaweza kuvunjwa na mtu mmoja mwenye subira. Kwa Mohamed, uchawi ni uongo wa serikali kwa watu wake, na mtu mmoja mwenye subira hatoshi. Kati ya vitabu hivyo viwili imepita historia nzima ya kizazi.

Baada ya kustaafu, kalamu ilifunguka. Duniani Kuna Watu ilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Vitabu vinne katika miaka minne, kutoka kwa mtu ambaye alipokuwa na meza ya jarida alitoa viwili tu katika miaka kumi. Hesabu hiyo inaeleza gharama ya uhariri kuliko malalamiko yoyote. Mhariri hutumia lugha yake bora kusahihisha lugha za watu wengine, na aghalabu hurudi nyumbani jioni na kalamu iliyokwisha wino.

Katika riwaya hizo za baadaye swali limebadilika. Mwanzoni lilikuwa: nani ameua? Sasa linazidi kuwa: huyu ni mtoto wa nani, yule ni mume wa nani, na mali hii ilikuwa ya nani kabla haijawa ya aliyonayo? Mafumbo yametoka mzimuni yakaingia ndani ya nyumba. Mficha uchi hazai, lakini katika jamii ya Abdulla mficha nasaba huzaa, na anachokizaa ni maafa ya watoto wake. Wahakiki wengine wamelihesabu badiliko hili kuwa udhaifu, kwamba mtunzi aliuacha upelelezi wa kweli akaingia katika mikasa ya ndoa na mirathi. Kinyume chake ndicho kilicho karibu na haki. Kwa kuuacha mwili wa aliyeuawa, Abdulla aliufikia mzizi wa aina yake ya uandishi: kwamba katika visiwa vilivyojaa wahamiaji, masuria, watumwa walioachwa huru, wana wa nje na wana wa ndani, kosa kubwa zaidi si damu iliyomwagwa bali damu iliyokanushwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi nguo hiyo ni jina la ukoo.

Pamoja na hayo, hapana faida ya kumtetea mtunzi kwa kuyafunika makosa yake. Lipo kosa la ufundi: mafumbo yake yamefungwa mno, na ufunguaji wake hutegemea Bwana Msa kukaa na kueleza kwa kurasa nyingi kile ambacho kisa chenyewe kilipaswa kukionesha. Katika kurasa hizo mhariri amemshinda mtunzi. Anasahihisha hadithi badala ya kuisimulia. Lipo pia kosa la kubahatisha, pale mkutano wa watu njiani unapofika kwa wakati unaohitajika mno. Na lipo kosa lililo zito zaidi, nalo linatokana na chanzo kile kile cha nguvu zake. Bwana afya ana elimu, na mwenye ua hana. Bwana shamba ana elimu, na mkulima hana. Bwana Msa amerithi neno hilo bwana pamoja na kimo chake. Watumishi, wakulima na wanawake wa shamba katika riwaya hizi huogopa, huamini, hutoa khabari, kisha huondoka jukwaani. Aghalabu hawapewi nafasi ya kuwa wao ndio waliofikiri kwanza. Mwangaza wa akili unatoka juu kwenda chini, kama taa ya afisa iliyoinuliwa juu ya kisima. Abdulla aliwaonea huruma wanyonge wake, ila hakuwauliza.

Hapo ndipo inapoingia shutuma ya kunyamaza. Katika miaka ya 1970 fasihi ya Kiswahili iliitwa kwenda vitani. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Shafi Adam Shafi alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Said Ahmed Mohamed alifuata na Dunia Mti Mkavu na Utengano mwaka 1980. Mbele ya vitabu hivyo, vilivyolikabili suala la ukandamizaji na la nani alimiliki ardhi na nani alichuma karafuu, Bwana Msa alionekana kama mzee anayevuta kiko barazani huku nyumba inaungua. Mpelelezi huyo hakupata kuliweka katikati ya kesi zake jambo kubwa kuliko yote lililotokea katika visiwa vyake wakati wa uhai wa mtunzi wake, na shutuma hiyo haiwezi kujibiwa kwa kusema tu kwamba riwaya ya upelelezi ni burudani.

Inaweza kujibiwa kwa njia nyingine. Mtu aliyekuwa amekaa katika vyumba vya magazeti ya pande zote alijua ni nini kilichowatangulia wauaji wa mwaka 1961 na wa mwaka 1964. Kilitangulia neno. Kilitangulia uvumi kwamba fulani ni wa kabila fulani, kwamba nyumba fulani imeficha silaha, kwamba mtaa fulani unakusudia jambo. Lisemwalo lipo, husema methali, na methali hiyo ikiachwa pekee yake inaweza kuchoma mtaa. Dhidi ya methali hiyo Abdulla alimjenga mtu mmoja ambaye kazi yake yote ni kukataa kuhukumu kwa lisemwalo. Bwana Msa hamkamati aliyechukiwa na kijiji. Humtafuta aliyefanya. Anapokosa ushahidi, husubiri. Na anapoupata, humpelekea Inspekta, hamkabidhi muuaji kwa umma. Katika nchi iliyokuwa imeona hukumu zikitolewa kwa kelele, kuandika kitabu baada ya kitabu ambamo hakuna hukumu bila hoja si kukaa kimya kabisa. Ni siasa ya mtu mwoga, watasema wengine. Na iwe hivyo. Lakini ni siasa, na visiwa hivi havijapata kuwa na akiba kubwa ya siasa ya aina hiyo hata vimudu kuidharau.

Kati ya Mwana wa Yungi Hulewa ya mwaka 1976 na kitabu kilichofuata imepita miaka minane. Vitabu vyake vya miaka ya 1970 vilichapishwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mwaka 1984 ikatoka Kosa la Bwana Msa, nayo pia Nairobi. Tarehe hizo zinafaa kuwekwa karibu karibu na yeyote atakayeandika historia ya kitabu cha Kiswahili: mtunzi wa Unguja, mchapishaji wa Kenya, na baina yao lango lililofungwa. Ama jina la kitabu hicho cha mwisho, linasema lenyewe. Mtunzi aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 60 alikubali kumtia mpelelezi wake neno kosa kwenye jalada. Wapelelezi wengi wa kubuni huuawa au hustaafishwa. Wachache huachwa wazeeke hadi waweze kukosea.

Waliokuja baada yake walifuata njia nyingine. Faraji Katalambulla alikuwa ameshatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kisa chake kilikuwa cha mjini, cha kasi na cha polisi. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi mwenye bastola anayesafiri kwa ndege kuwakabili maadui wa Afrika. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Hao waliipeleka riwaya ya upelelezi barani, wakaipa barabara za lami, hoteli na mapigano, na wakapata wasomaji wengi ambao Bwana Msa asingewapata kwa kiko chake. Hapana haja ya kuwapimanisha. Ila kilichopotea katika safari hiyo kijulikane: kilipotea kile kikao cha kumsikiliza mtu mpaka maneno yake yamsaliti. Bastola hufupisha mazungumzo.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza, na dunia ikavigeukia visiwa hivi kuuliza habari za nathari yao. Ni jambo la fahari, na pia ni mtihani. Mgeni aliyefika mlangoni huuliza na vilivyomo ndani. Kumuonesha Bwana Msa kama kichekesho cha zamani cha vitabu vya skuli ni kumfungia mgeni chumba kilicho karibu zaidi na uani. Linalohitajika ni matoleo safi ya riwaya zote saba, yenye maelezo ya maneno ya Kiunguja yanayoanza kuwatoka vijana. Linalohitajika pia ni kusoma upya magazeti aliyoyashughulikia tangu mwaka 1948 hadi mwaka 1968, kwa kuwa humo ndimo alimojifunza kazi. Mtafiti atakayefungua majalada ya Mkulima akidhani anatafuta khabari za mbolea na karafuu, huenda akaona sentensi moja ikiinua kichwa na kuvuta kiko.

Utunzi wa Muhammed Said Abdulla haukuwa wa mtu aliyeikimbia afisi ili awe msanii. Ulikuwa wa mtu aliyechukua yale aliyoajiriwa kuyafanya, kukagua, kuhakiki, kusahihisha, kueleza, akayageuza kuwa tabia ya binadamu mmoja wa kubuni, kisha akamwachia atembee mashambani na mitaani akiwaudhi watu kwa maswali. Waliouliza kwa nini Bwana Msa hakuwa shujaa mkubwa zaidi wana haki ya kuuliza. Jawabu ni kwamba hakuumbwa awe shujaa. Aliumbwa awe mkaguzi, na kisima alichopewa kukikagua bado kina maji.